Amana ya Jirani: Namna Falsafa ya Wabudha Ilivyohifadhiwa Katika Nchi ya Wazee Wetu

Kamati ya mandiri yetu ilipotuomba tuandike makala ya historia kwa ajili ya kitabu hiki cha kumbukumbu, tulitazamiwa kuandika juu ya msingi wa jengo, wafadhili wake na mafundi walioliinua. Habari hizo wenzetu wameziandika vizuri katika kurasa nyingine. Sisi tumeomba ruhusa ya kuandika juu ya vitabu, na sababu yake ni sanduku moja la bati.

Stoo ya mandiri iliposafishwa kwa ajili ya sherehe hizi, lilitolewa sanduku ambalo wengi wetu tulikwisha kulisahau. Ndani yake mlikuwa na vitabu vya ibada na vya falsafa, kwa Kigujarati na Kisanskriti, pamoja na madaftari marefu ya jalada jekundu yaliyokuwa ya duka letu la zamani la Kimali. Vijana wetu walivifungua, wakatazama maandishi wasiyoweza kuyasoma, wakauliza swali la haki: hivi ni vya nini tena? Mmoja alipendekeza vitoswe mtoni kwa heshima, kama desturi yetu inavyoruhusu kwa maandiko yaliyochakaa. Kamati iliahirisha uamuzi. Makala haya ndiyo jibu letu, nalo linapita njia ndefu kidogo, kwa kuwa linaanzia kwa watu ambao si wa dini yetu, yaani Wabudha.

Majirani wetu wengi hudhani kwamba Ubudha ni jambo la Uchina na Ujapani, lisilo na habari katika Afrika Mashariki. Lakini jijini Dar es Salaam, katika eneo la Upanga, lipo hekalu la Wabudha lililoanzishwa na watu wa Ceylon, nchi ambayo sasa huitwa Sri Lanka, waliofika pwani yetu kufanya kazi mwanzoni mwa karne ya 20. Katika uwanja wake umesimama mti wa bodhi, ambao sisi Wahindu huuita pipal, nao ni wa jamii moja na mkuyu. Nchini Uganda, karibu na Entebbe, kipo kituo kilichoanzishwa mwaka 2005 na mtawa mzaliwa wa Uganda, Bhante Buddharakkhita. Alikwenda India kusoma chuo kikuu katika miaka ya 1990, akakutana huko na watawa wa Kibudha, na mwaka 2002 naye akawa mtawa. Kwa hiyo jambo tunalolizungumza si geni kabisa katika nchi zetu.

Aidha, wengi wa jumuiya yetu hatukumbuki kwamba Gujarat, nchi walikotoka babu zetu, ilikuwa kwa karne nyingi mojawapo ya makao makuu ya elimu ya Wabudha. Ushahidi wa kwanza ni jiwe. Chini ya mlima Girnar, karibu na mji wa Junagadh, lipo jabali kubwa lililochongwa maandishi ya mfalme Ashoka katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Ashoka alikuwa mfuasi wa Budha, na amri zake 14 zimeandikwa pale. Ile ya 12 inatuhusu sisi sote. Mfalme anawaambia raia wake kwamba anayeitukuza dini yake kwa kuitweza ya mwenziwe huiumiza ya kwake mwenyewe, na kwamba ni vema watu wakasikiliza mafundisho ya wengine. Fundisho hilo lilitolewa na mfalme mwenye jeshi, aliyeweza kuamuru kila mtu afuate dini yake yeye kama angetaka.

Jabali hilohilo lina maandishi mengine, ya kama mwaka 150 baada ya Kristo, ya mfalme Rudradaman. Yanaeleza habari za lambo liitwalo Sudarshana. Lilichimbwa wakati wa babu yake Ashoka, likaboreshwa wakati wa Ashoka, kisha tufani ikalibomoa kingo, na Rudradaman akalijenga upya kwa fedha za hazina yake bila kuwatoza watu kodi kwa ajili hiyo. Wakazi wa Simiyu, ambao wanajua thamani ya lambo mwezi wa Septemba, wataelewa kwa nini mfalme aliona jambo hilo linafaa kuchongwa juu ya jiwe.

Hata hivyo, kwa karne nyingi watu walipita mbele ya jabali lile wasiweze kuyasoma maandishi ya Ashoka. Herufi zake, ziitwazo Brahmi, zilikuwa zimesahauliwa. Mwaka 1837 James Prinsep, Mwingereza aliyefanya kazi ya kupima madini katika kiwanda cha sarafu cha Calcutta, ndiye aliyefaulu kuzifumbua. Tunaomba msomaji alikumbuke jambo hili tutakaporudi kwenye sanduku letu: maandishi yasiyosomeka leo yaweza kusomeka kesho, mradi tu jiwe lisivunjwe.

Ushahidi wa pili ni mji wa Valabhi, ambao leo ni mji mdogo wa Vallabhipur katika wilaya ya Bhavnagar. Kati ya karne ya 5 na ya 8 ulikuwa makao ya wafalme wa ukoo wa Maitraka. Wengi wa wafalme hao walimwabudu Shiva, lakini walitoa ardhi na mapato ya vijiji kwa nyumba za watawa wa Kibudha, na hati zao zilizochorwa juu ya bamba za shaba zimesalia hadi leo. Msafiri wa Kichina Xuanzang, aliyepita huko katika karne ya 7, aliandika kwamba aliona nyumba za watawa zipatazo 100 na watawa wapatao 6,000. Aliwataja pia wanazuoni wawili waliowahi kukaa hapo, Gunamati na Sthiramati, ambao vitabu vyao vya ufafanuzi vilisomwa mbali sana na Gujarat.

Katika mji huohuo wa Valabhi, Wajaini nao walifanya jambo kubwa. Katika karne ya 5 wanazuoni wao walikusanyika chini ya uongozi wa Devardhi, wakayaandika maandiko yao matakatifu ambayo hapo awali yalihifadhiwa zaidi vichwani mwa watawa. Walihofia kwamba watawa wakifa, maneno yatakufa nao. Tangu hapo Wajaini wa Gujarat wamekuwa watu wa vitabu, na tabia yao hiyo ndiyo iliyookoa urithi wa jirani zao.

Kabla ya kufika huko, ni lazima tuseme Wabudha walikuwa wanafundisha nini, maana mtu hawezi kujua thamani ya amana asiyoijua. Hatutaweza kueleza falsafa yao yote. Tutachukua mfano mmoja ambao mkulima wa Kimali anaweza kuupima mwenyewe.

Waswahili husema: dalili ya mvua ni mawingu. Wanafalsafa wa Kihindu wa shule ya Nyaya walilijadili jambo hilohilo zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Walisema mtu huweza kujua asichokiona kwa kutumia dalili, na walitaja namna kadhaa. Namna ya kwanza ni kutoka kwenye sababu kwenda kwenye matokeo: ukiona mawingu mazito, unajua mvua itanyesha. Namna ya pili ni kutoka kwenye matokeo kurudi kwenye sababu: ukiona mto umefurika, unajua mvua imenyesha juu yake. Sisi tunaoishi nchi ya Mto Simiyu tunaifahamu dalili hiyo ya pili, kwa kuwa mto huweza kujaa hali anga ya hapa kwetu ni kavu.

Wapinzani wao walihoji: je, mto hauwezi kujaa kwa sababu umezibwa mahali fulani? Wanyaya wakajibu kwamba kujaa kwa mvua kuna alama zake: maji huwa ya kasi, yana povu, yamebeba majani na vijiti. Mtu anayetazama vizuri hachanganyi maji yaliyozibwa na maji ya mvua.

Ndipo akaja Dharmakirti, mwanafalsafa wa Kibudha wa karne ya 6 au ya 7, akaukaza mjadala. Alisema kwamba zipo njia mbili tu za kujua kwa hakika: kutambua kwa hisi, na kujua kwa dalili. Na dalili haina nguvu mpaka iwe imefungamana na kile inachokionyesha kwa namna isiyoweza kukatika. Moshi hauwezi kuwako pasipo moto, basi anayeuona moshi anayo haki ya kusema moto upo. Lakini mawingu hayana mkataba na mvua. Kati ya sababu na matokeo yake kuna nafasi, na katika nafasi hiyo kizuizi chaweza kuingia. Upepo ukivuma, mawingu hutawanyika. Kwa hiyo anayesema mvua itanyesha kwa kuwa ameona mawingu hana elimu ya hakika bado. Ana tumaini lenye msingi tu.

Mkulima wa pamba anayesimama shambani mwezi wa Novemba na mbegu mkononi atatambua kwamba mtawa huyu hakuwa akicheza na maneno. Kupanda au kutopanda ni hesabu ya dalili. Hata sisi wafanyabiashara tunaokopesha kwa kutazamia mavuno tumewahi kulipia gharama ya kuyachukua mawingu kuwa ni mvua. Falsafa ya Wabudha, katika sehemu yake bora, ilikuwa mazoezi ya kutojidanganya: kuuliza kila mara, je, hiki ninachokiita ujuzi nimekipata kwa njia ipi?

Kwa mazoezi hayohayo walihoji mambo tunayoyashika sisi Wahindu kuwa ni msingi. Walikataa kwamba kuna nafsi ya kudumu ndani ya mtu. Walikataa kwamba ulimwengu una Muumba mmoja. Walisema kila kitu hupita punde kwa punde, kama mwali wa taa unaoonekana ni uleule ingawa mafuta yanayowaka si yaleyale. Hatukubaliani nao, na wanazuoni wetu hawakunyamaza. Kumarila na Udayana waliandika vitabu vizito kuwajibu. Mabishano hayo yalidumu kwa karne nyingi, na kila upande uliandika vizuri zaidi kwa sababu upande wa pili ulikuwapo.

Kisha upande mmoja ulinyamaza. Nyumba za watawa wa Kibudha ziliishiwa wafadhili katika sehemu nyingi za India, na kuelekea mwaka 1200 vyuo vyao vikuu vya mashariki, kikiwamo cha Nalanda, viliangamia katika vita. Ubudha ukaendelea kustawi Sri Lanka, Burma, Uchina na Tibet, ambako vitabu vyao vingi vilitafsiriwa. Lakini katika India yenyewe, asili za Kisanskriti za vitabu vyao vya falsafa zilipotea. Msomi wa Kihindu wa karne ya 18 aliyetaka kujua Dharmakirti alisema nini alilazimika kusoma vitabu vya wale waliombishia. Ni sawa na kumjua mshtakiwa kwa maneno ya mshitaki peke yake. Hata mshitaki awe mwaminifu namna gani, hiyo haiwi kesi kamili.

Vitabu hivyo vilikuwa wapi? Sehemu ya jibu ni hii: vilikuwa katika maghala ya vitabu ya Wajaini, katika miji ya Patan na Khambhat nchini Gujarat, na Jaisalmer katika jangwa la Rajasthan.

Wajaini huliita ghala la namna hiyo bhandar. Miswada iliandikwa juu ya majani ya miti ya jamii ya mivumo, ikatobolewa, ikafungwa kwa uzi kati ya mbao mbili, ikavishwa kitambaa na kutiwa katika makasha. Patan ulikuwa mji mkuu wa Gujarat katika karne ya 12, wakati mwanazuoni wa Kijaini Hemachandra alipopewa heshima kubwa na mfalme Siddharaja na baada yake Kumarapala. Wajaini wa wakati huo hawakunakili vitabu vyao wenyewe tu. Walinakili vya Wahindu na vya Wabudha pia, kwa kuwa walitaka kubishana na mawazo yenyewe, wala si na kivuli cha mawazo. Aidha, kwao kugharimia kunakiliwa kwa kitabu kulihesabiwa kuwa ni thawabu, na wafanyabiashara wengi walitoa fedha kwa ajili hiyo.

Ipo pia desturi moja iliyosaidia. Siku ya tano ya mwaka wetu mpya wa Diwali, sisi wafanyabiashara wa Kihindu huadhimisha Labh Pancham, yaani siku ya faida, tunapofungua maduka na kuanza madaftari mapya. Siku hiyohiyo Wajaini huiita Gyan Pancham, yaani siku ya elimu. Hutoa vitabu, huvifuta vumbi, huviangalia kama wadudu au unyevu umeingia, huvisalia na kuvifunga upya. Kalenda ni moja: sisi tunasalia madaftari ya hesabu, wao wanasalia madaftari ya elimu. Fikiria basi kitabu cha mtawa wa Kibudha kikifutwa vumbi kila mwaka na watu wasioikubali imani yake, kwa karne nyingi, wakati hakuna Mbudha hata mmoja mjini wa kukidai.

Matunda yalionekana baadaye. Mwanzoni mwa mwaka 1874 Georg Bühler, mwanazuoni wa Kijerumani aliyekuwa mkaguzi wa elimu katika serikali ya Bombay, alifika Jaisalmer akaona katika ghala la Wajaini mswada wa falsafa ya Kibudha ambao ulidhaniwa haupo tena. Baada yake Peter Peterson, mwalimu wa Kisanskriti mjini Bombay, alipata katika hekalu la Kijaini la Shantinatha mjini Khambhat kitabu kidogo cha Dharmakirti kiitwacho Nyayabindu, pamoja na ufafanuzi wa Dharmottara. Alikichapisha mwaka 1889. Kutokana na chapa hiyo wasomi wa nchi nyingi walianza kumsoma Dharmakirti kwa maneno yake mwenyewe. Mrusi Stcherbatsky alikitafsiri kwa Kiingereza na kukichapisha Leningrad kati ya 1930 na 1932.

Kule Baroda, mtawala wa dola hiyo Sayajirao Gaekwad wa Tatu aliagiza maghala ya Patan yakaguliwe na kuorodheshwa, na vitabu adimu vichapishwe katika mfululizo unaojulikana kwa jina la Gaekwad. Mwaka 1926 Embar Krishnamacharya, Mhindu, alitoa katika mfululizo huo kitabu kikubwa cha Shantarakshita, mtawa wa karne ya 8, kiitwacho Tattvasangraha, pamoja na ufafanuzi wa mwanafunzi wake Kamalashila. Ganganatha Jha, Mhindu mwingine, alikitafsiri chote kwa Kiingereza kati ya 1937 na 1939. Katika miaka hiyohiyo ya 1930, Rahul Sankrityayan alikuwa akipanda milima kwenda Tibet mara kwa mara, na huko alipata miswada mingine ya Kisanskriti iliyokuwa imelala katika nyumba za watawa.

Kitabu hicho cha Shantarakshita kina sura 26 na beti zaidi ya 3,600. Ndani yake mwandishi anazipima shule zote za falsafa alizozijua. Anapinga hoja zetu juu ya Muumba. Anapinga hoja zetu juu ya nafsi. Anapinga pia Wabudha wenzake waliosema kwamba ipo nafsi ya aina fulani isiyoelezeka, na kundi hilo lilikuwa ndugu wa karibu wa wale watawa wa Valabhi ambao Xuanzang aliwahesabu. Na zaidi ya hayo, iko sura nzima inayopinga fundisho la Wajaini.

Wajaini waliinakili sura hiyo. Hawakuiruka, hawakuichana. Waliandika maneno yanayowapinga wao wenyewe kwa mwandiko mzuri, wakayafunga kwa kitambaa safi, wakayatunza. Tumesoma habari nyingi za uaminifu, lakini ni chache tunazoziona kuwa sawa na hiyo. Kumtunzia jirani kitu kinachokusifu ni rahisi. Kumtunzia hoja iliyo dhidi yako, naye hayupo, ndilo jambo zito.

Na kazi haikukoma. Katika karne iliyopita mtawa wa Kijaini wa Gujarat, Muni Jambuvijaya, alitaka kuchapisha kitabu cha zamani cha Mallavadi, Mjaini aliyebishana na Dignaga, mwalimu wa mantiki wa Kibudha aliyemtangulia Dharmakirti. Alitambua kwamba hawezi kumwelewa Mallavadi bila kumwelewa mpinzani wake, na kitabu cha Dignaga kwa Kisanskriti kilikuwa hakipatikani. Basi mtawa huyu, ambaye kwa sharti la dini yake alisafiri kwa miguu mitupu, alijifunza Kitibeti, akalinganisha tafsiri za Kitibeti na kuzirudisha sehemu za Dignaga katika Kisanskriti. Buku la kwanza lilitoka Bhavnagar mwaka 1966, si mbali na magofu ya Valabhi, likiwa na utangulizi wa profesa Frauwallner wa Vienna. Jambuvijaya alifariki mwaka 2009.

Sasa turudi kwenye sanduku letu la bati.

Familia yetu ilipofunga duka la Kimali na kuhamia mjini, lori lilijaa. Sanduku hili lilibaki. Mzee mmoja jirani yetu, ambaye hakuwa Mhindu, alisema liachwe kwake mpaka tutakapolifuata. Tulidhani ni suala la wiki chache. Ikawa miaka tisa. Tuliporudi, mimi na ndugu yangu tulimwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba, wanangu," kisha bila kuulizwa akatupeleka chumba cha ndani. Sanduku lilikuwa juu ya matofali manne, limezungushiwa majivu ili mchwa wasipande. Tulimwuliza kama alilifungua. Akajibu kwamba kitu cha ibada ya mtu hakifunguliwi na asiye mwenyewe, na kwamba kila baada ya mvua alikuwa akibadilisha majivu. Hakuomba malipo, na tulipompa zawadi alitaka kwanza tuhesabu vitu vyetu mbele yake.

Wiki hizi, baada ya swali la vijana, tulikaa na kuyasoma madaftari yale mekundu. Yameandikwa kwa Kigujarati cha mkono wa baba yetu. Ndani yake tulimkuta mzee yule: jina lake, jina la baba yake, kitongoji chake, jembe, chumvi, mafuta ya taa na doti za kanga alizokopa kabla ya msimu wa pamba, na siku aliyomaliza deni lote. Tuliwakuta jirani zake wengi pia. Miaka tisa alilinda sanduku akidhani lina mali ya Wahindu peke yao, kumbe lilikuwa na habari za nyumba yake mwenyewe, katika herufi ambazo hakuna mtu wa kwao aliyeweza kuzisoma. Mzee amekwisha kufariki. Wajukuu wake wako hapa, na baadhi yao watakuwa wageni wetu katika sherehe hizi.

Waswahili husema: mali bila daftari hupotea bila habari. Tunaomba kuongeza kwamba hata watu hupotea hivyohivyo. Wengi wa wakulima wale hawakuwa na mtu wa kuwaandikia historia. Pengine mahali pekee ambapo majina yao yameandikwa kwa wino, pamoja na tarehe, ni katika daftari la madeni la mgeni. Tukilitosa mtoni kwa heshima, tutakuwa tumetosa kitu ambacho si chetu pekee.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo matatu kwa kamati na kwa wanajumuiya wote. La kwanza, kila kilichomo sandukuni kiorodheshwe kwa Kiswahili na Kigujarati, na nakala ya orodha ibandikwe ubaoni mandirini. La pili, majina yote yaliyomo katika madaftari ya Kimali yanakiliwe kwa herufi za Kilatini, na nakala zikabidhiwe kwa familia zinazohusika zikitaka. Kiasi cha madeni tunaomba kisiandikwe. Yote yalikwisha kulipwa au kusamehewa, na aibu ya mtu si urithi wa wajukuu zake. La tatu, kila Labh Pancham, tunapofungua madaftari mapya, sanduku nalo lifunguliwe, vitabu vifutwe vumbi, na majivu yabadilishwe.

Wanaoweza bado kusoma mwandiko wa zamani wa Kigujarati ni wachache miongoni mwetu, na umri wetu umesogea. Sisi tupo tayari kuketi na kijana yeyote, wa jumuiya yetu au wa majirani, kila Jumapili baada ya arti ya jioni, tukimfundisha herufi mpaka aweze kuendelea peke yake. Kazi ya kusoma majina tumekwisha kuianza, na tumefika katikati ya daftari la pili.